Utando wa haileta juu ya diski ya DVD: mbona mwanga wa kijani hauchagui pembe?

MwalimuFizikia_Malindi

Salaam wanajukwaa. Hili ni jaribio la wanafunzi wa kidato cha tatu, la maonyesho ya sayansi. Lengo ni kuonyesha kwamba miundo midogo, yenye ukubwa wa karibu urefu wa wimbi la mwanga, inaweza kuamua mwanga utoke upande gani na kwa rangi gani. Hatuna maabara ya nano hapa Malindi, kwa hiyo mifuo (mistari midogo iliyochimbika) ya diski ya DVD-R ndiyo muundo wetu.

Yaliyofanyika mpaka sasa:

Diski imepasuliwa katikati ya unene wake kwa wembe kuanzia ukingoni, na nusu yenye fedha ndiyo inayotumika. Wino wa haileta (kalamu ya kukolezea maandishi) ya manjano umechanganywa na gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji ya mfereji hadi kiasi cha asilimia 10 ya gundi kavu. Mililita 2 zimemwagwa juu ya nusu diski nzima, zikatandazwa na kuachwa usiku kucha zikauke. Asubuhi ikamulikwa na LED ya bluu ya wati 3, nanomita 450, na jicho limekingwa kwa selofeni ya manjano.

Kijani kinaonekana, lakini hafifu, na ni kilekile ukitazama kutoka juu au kutoka ubavuni. Juu yake kuna upinde wa mvua dhaifu. Je, huo upinde ndio athari tunayoitafuta? Na kwa nini mwanga hauongezeki, ilhali kila andiko linasema miundo ya nano huongeza mwanga?

---

Kioo_cha_Amu

Mwalimu, salaam. Tuanze na huo upinde kwa sababu ndio unaowapoteza wengi. Isogeze taa huku jicho limetulia. Rangi zikihama pamoja na taa, huo ni mwanga wa LED wenyewe uliotawanywa na mifuo. Mwanga uliozaliwa ndani ya utando haujui taa iko wapi: molekuli ikishameza bluu husahau ilikotoka, na pembe ya kutokea inaamuliwa na mifuo na utando peke yake. Kwa hiyo rangi zinazobaki palepale taa inapohama ndizo zenu. Fanya pia kipande cha ulinganisho kisichopakwa kitu, ukiweke kando yake. LED ya bluu ina mkia unaofika hadi nanomita 500 na zaidi kidogo, na selofeni ya manjano haizuii mkia huo wote. Weka chujio la bluu mbele ya taa pia, si la manjano mbele ya jicho tu.

Sasa unene, ambao ndio kosa kubwa. Tupige hesabu. Mililita 2 za mchanganyiko wa asilimia 10 ni takriban miligramu 200 za gundi kavu. Eneo la diski ni kama sentimita mraba 100. Hiyo ni miligramu 2 kwa kila sentimita mraba, na kwa uzito wa gramu 1.2 kwa sentimita ya ujazo unapata utando wa mikromita 16 hivi.

Kwa nini 16 ni nyingi? Ndani ya utando mwanga mwingi umenaswa. Chini kuna kioo cha fedha, na juu mwanga unaofika kwa pembe kubwa hurudishwa ndani. Kwa kitu chenye kiwango cha mpindo (kipimo cha jinsi kitu kinavyopinda mwanga) cha 1.5, pembe ya ukomo ni kama digrii 42, na hata ukiwa na kioo chini ni robo hivi tu ya mwanga inayotoka moja kwa moja. Robo tatu husafiri ubavuni ndani ya utando. Hiyo iliyonaswa ndiyo mali yako, kwa sababu mifuo inaweza kuitoa nje kwa pembe maalumu:

sin θ = N − m·λ/Λ

Hapa θ ni pembe ya mwanga unaotoka, ikipimwa kutoka mstari uliosimama wima juu ya utando, Λ ni umbali kati ya mifuo (DVD ni nanomita 740), λ ni urefu wa wimbi, m ni 1 au 2, na N ni kiwango cha mpindo anachokihisi mwanga anaposafiri ndani ya utando, yaani namba iliyo kati ya 1 na kiwango cha utando wenyewe. Kila njia ya kusafiri, tuite modi, ina N yake. Idadi ya modi ni takriban unene mara mbili, mara 1.12, gawanya kwa urefu wa wimbi. Kwa mikromita 16 unapata zaidi ya modi 60 kwa kila polarizesheni (mwelekeo ambao uga wa umeme wa mwanga unatetemea). Kila moja inatoa kijani chake kwa pembe yake, 60 zikipandana unaona kijani kila mahali. Mifuo inafanya kazi, ila inafanya kazi 60 kwa mpigo.

Lenga nanomita 300. Hapo, katika polarizesheni ambayo uga wa umeme uko sambamba na mifuo, inabaki modi moja tu.

---

fundi_mwangaza

Naongezea, lakini kwanza pingamizi dogo kuhusu kutumia fedha. Chuma, yaani metali yoyote hata fedha, huua fluoresensi (mwanga ambao rangi huutoa baada ya kumeza mwanga mwingine). Molekuli iliyo karibu na chuma humwaga nishati yake ndani ya chuma ikawa joto. Pengine ndiyo sababu kijani cha Mwalimu ni hafifu. Ingefaa apake tabaka tupu kwanza, la plastiki isiyo na rangi, halafu lenye rangi juu.

---

Kioo_cha_Amu

Fundi, jambo lenyewe ni la kweli, ila pima umbali. Kuzimwa kunakotisha ni ndani ya nanomita 10 hivi kutoka kwenye chuma. Katika utando wa 300 hiyo ni sehemu moja kwa thelathini. Katika utando wa mikromita 16 haina hata maana kuitaja. Tabaka la kutenganisha linahitajika pale utando mzima ukiwa nanomita 20 au 30. Hapa litaongeza unene na modi ya pili, basi.

Uhafifu una sababu nyingine, naona BintiMaabara yuko mtandaoni, hiyo ni kemia yake.

---

BintiMaabara

Ndiyo, ni gundi. Haileta nyingi za manjano zina rangi iitwayo pyranine. Rangi hii hubadilika kulingana na asidi: palipo na asidi humeza zaidi karibu na nanomita 400, palipo na alkali humeza karibu na 450. Mpito uko kwenye pH ya 7 na kidogo. Gundi nyeupe ya mbao kwa kawaida ina asidi, kwa hiyo LED ya 450 inapita bila kumezwa sawasawa. Ukiongeza bikaboneti, ile soda ya kuokea, ncha ya kisu (karibu gramu 0.1) kwa mililita 100, utaona kijani kinaruka palepale. Msiweke magadi kwa kijiko kama mnapika maharage. Chumvi ikizidi inaganda kuwa fuwele utando unapokauka, na kila fuwele inatawanya mwanga ovyo.

Na gundi ya mbao yenyewe iacheni. Si myeyusho, ni maziwa: chembechembe za plastiki zinazoelea ndani ya maji, nyingine kubwa kuliko utando mnaoutaka. Tumieni polivinili alkoholi (plastiki inayoyeyuka majini) ikiwa maabara ya shule inayo, ama jelatini tupu ya dukani isiyo na sukari wala ladha. Jelatini inatoa utando laini sana wenye kiwango cha mpindo cha 1.53 hivi. (Hakuna atakayeila, kwa hiyo mjadala wa halali na haramu tuuache nje ya uzi huu.)

Vipimo: gramu 3 za jelatini kwa mililita 97 za maji. Loweka dakika 10 kwenye maji baridi, kisha pasha hadi digrii 45 au 50 ukikoroga. Usichemshe, jelatini iliyochemka hupoteza nguvu ya kushika. Maji yawe yale yaliyosafishwa ya kuongezea betri. Soma chupa vizuri, si asidi ya betri. Maji ya mfereji au ya kisima cha pwani yana chumvi, na chumvi hiyo itabaki kama vumbi jeupe. Loweka utambi wa haileta kwenye mililita 10 za maji hayohayo, chuja kwa karatasi ya kahawa mara mbili, chukua sehemu 1 ya wino kwa sehemu 9 za jelatini. Msishawishike kuongeza wino. Molekuli zikisongamana zinazimana zenyewe kwa zenyewe, na kijani kinapungua.

Kabla ya kupaka, osheni uso wa fedha. Diski ya DVD-R ina tabaka la rangi ya kurekodia kati ya plastiki na fedha, na mabaki yake hunyonya mwanga. Mwaga spiriti ya hospitali itiririke juu ya kipande, mara tatu, kisha kikaushe kwa hewa. Usifute kwa pamba, fedha inachubuka. Asetoni, na kile kimiminika cha kutolea rangi ya kucha chenye asetoni, ni marufuku: inaharibu polikaboneti (plastiki ya diski) ikawa nyeupe kama barafu.

---

NuruNano

Kupaka sasa. Kumwaga na kuacha ikauke hakutakupa nanomita 300 sawasawa hata siku moja, wino utakimbilia ukingoni kama alama ya kikombe cha kahawa. Zungusha.

Feni ya kompyuta ya volti 12, ya milimita 80, inazunguka kati ya mara 2000 na 3000 kwa dakika, inatosha. Bandika kipande cha diski cha sentimita 2 kwa 2 juu ya kitovu cha feni kwa utepe wenye gundi pande mbili, katikati kabisa. Kikikaa upande kitaruka, kwa hiyo weka feni ndani ya ndoo. Dondosha matone 4 au 5 ya jelatini yenye joto kipande kikiwa kimesimama, hakikisha uso wote umelowa, kisha washa mara moja na uache sekunde 40. Jelatini ikipoa kabla ya kuzunguka inaganda nene na yenye mawimbi. Pasha kipande kidogo kwa kikausha nywele kwanza. Baada ya hapo, dakika 10 kwenye joto la digrii 50.

Kata kipande karibu na ukingo wa nje wa diski, na weka alama kwa kalamu mshale unaoelekea kwenye kitovu cha diski. Mshale huo ni muhimu kuliko unavyodhani. Mifuo inazunguka diski kama mistari ya ukindu kwenye mkeka wa duara, na rangi hubadilika kwa pembe pale tu unapoinamisha jicho kwenye mwelekeo wa mshale, yaani kukatiza mifuo. Ukiinama kufuata mifuo, hesabu ile ya Kioo_cha_Amu haifanyi kazi na utalaumu utando bure.

Tena mifuo imepinda. Kwenye nusu kipenyo cha sentimita 5.5, kipande cha sentimita 2 kina mifuo inayogeuka digrii 20 kutoka upande mmoja hadi mwingine. Funika kwa karatasi nyeusi yenye tundu la milimita 3 na mgeuko unashuka hadi digrii 3.

Jicho au kamera ya simu iwe umbali wa sentimita 40, ikizunguka kwenye tao lililochorwa kwa protrakta mezani. Kamera funga mwangaza na rangi kwa mkono, la sivyo simu itajisahihishia yenyewe kila pembe na tofauti yote itapotea. Taa isimame ubavuni, jicho lisipite mbele yake. Wati 3 za bluu si za kutazama.

Kwa jelatini ya nanomita 300 juu ya fedha, m = 1, tarajieni takriban: nanomita 500 kwenye digrii 46, nanomita 550 kwenye digrii 39, nanomita 600 kwenye digrii 32. Yaani ukisogeza jicho kutoka ubavuni kuelekea juu, rangi inatoka kijani-bluu, inakuwa kijani-manjano, inaishia rangi ya chungwa iliyofifia kwa sababu pyranine haitoi mwanga mwingi huko. Msitarajie giza kati ya rangi. Ile robo inayotoka moja kwa moja iko kila pembe, kama mandhari.

Chukua kioo cha polarizesheni kutoka skrini ya kikokotoo kilichokufa na ukizungushe mbele ya kamera. Mstari huu utang'aa upande mmoja na kupotea upande mwingine. Katika upande mwingine huo mtaona mistari tofauti kwa pembe tofauti, mmoja wao mpana kwa kuwa mwanga wake umegandamana na uso wa fedha na hufa haraka. Msiuhesabu, mwanzo utawachanganya.

Diski nyingine? CD ni nanomita 1600, inatoa m nyingi zinazopandana. Blu-ray ni 320, inatoa mstari mmoja safi, lakini tabaka lake la juu ni la milimita 0.1 na kulibandua bila kuharibu kunahitaji bahati.

---

MwalimuFizikia_Malindi

Shukrani nyingi. Mbili zimebaki. Hewa ya hapa ina chumvi na unyevu, hasa masika. Kipande kitakaa muda gani? Na swali la mwanzo halijajibiwa: je, mifuo inaongeza mwanga au haiongezi?

---

BintiMaabara

Fedha iliyo wazi itaanza kuwa na madoa siku chache tu baada ya kupasua diski. Pasua na kupaka siku hiyohiyo, halafu hifadhi kwenye chupa ya kahawa yenye vifuko vya silika, ama mchele uliokaangwa bila mafuta hadi ukabadilika rangi. Jelatini ikinyonya unyevu inavimba, na unene ukibadilika N inabadilika, pembe zinahama. Pasha tena digrii 50 kabla ya kupima. Siku ya maonyesho, ukumbi ukiwa umejaa watu na jasho, weka kipande ndani ya boksi lenye dirisha.

---

Kioo_cha_Amu

Kuhusu kuongeza, mwalimu, tenganisha mambo mawili kwa wanafunzi, maana vitabu vingi vinayafunga kamba moja.

La kwanza ni mwanga uliokwishazaliwa utoke upande gani. Hilo ndilo jaribio lenu. Idadi ya fotoni (chembe za mwanga) zinazozaliwa haikubadilika, ila zile zilizokuwa zinafia ndani sasa zinatoka, na zinatoka kwa mpangilio. Taa za LED zina shida hiyohiyo, tena kubwa zaidi. Galiamu naitraidi, ambayo ndiyo moyo wa LED ya bluu, ina kiwango cha mpindo cha 2.4 hivi. Pembe ya ukomo kwenda hewani ni digrii 25 tu, na uso mmoja bapa unaruhusu kama asilimia 4 kutoka. Ukimfunika kwa plastiki ya 1.5 inapanda hadi karibu 11 kabla ya kutoa hasara ya mwakisiko. Ndiyo maana viwanda huchonga vinundu kwenye yakuti iliyo chini ya LED, hukwaruza uso kwa kemikali, au huchimba matundu kwa mpangilio wa fuwele ya fotoni, yaani muundo unaojirudia kwa umbali wa karibu wimbi la mwanga.

La pili ni kubadilisha kasi ya kuzaliwa kwenyewe. Mwanafizikia Edward Purcell alilieleza mwaka 1946: molekuli haitoi mwanga kwa ratiba yake peke yake, inategemea nafasi ambazo mazingira yanampa fotoni. Wanafizikia Eli Yablonovitch na Sajeev John, kila mmoja kivyake mwaka 1987, wakaonyesha muundo unaojirudia unavyoweza kuzifunga nafasi hizo kabisa kwa rangi fulani. Ili kuharakisha unahitaji chumba kidogo chenye ukubwa wa karibu wimbi moja, chenye kushika mwanga muda mrefu, na chanzo chenye rangi nyembamba. Pyranine imetanda makumi ya nanomita, na mifuo ya DVD si chumba. Msiandike kwenye bango kwamba mmeharakisha utoaji. Jaji anayejua atauliza muda wa kuishi kwa molekuli mmeupima kwa kifaa gani, na hapo hamna jibu.

Kando kidogo: muundo wa namna hii upo msituni jirani yenu. Kipepeo Papilio nireus, mweusi mwenye mkanda wa kijani-bluu, ana rangi ya fluoresensi ndani ya magamba ya mbawa. Inameza karibu na nanomita 420 na kutoa karibu na 505. Gamba lina matundu ya wastani wa nanomita 240 yaliyopangika, na chini yake kuna matabaka yanayofanya kazi ya kioo, ili mwanga usipotelee ubavuni wala chini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter waliyachapisha haya mwaka 2005, wakalinganisha na LED zenye fuwele za fotoni. Ulizeni watu wa mradi wa Kipepeo, wa ufugaji wa vipepeo, pale Gede kama wana bawa la aliyekwisha kufa. Msiende kukamata Arabuko-Sokoke, ule ni msitu wa hifadhi. Bawa na kipande cha DVD vikikaa meza moja, bango halihitaji maneno mengi.

---

MwalimuFizikia_Malindi

Jelatini asilimia 3, feni, tundu la milimita 3, chujio mbele ya taa. Mistari imetokea na haihami taa ikihamishwa. Lakini kwa polarizesheni moja, kwenye nanomita 550, kuna pembe mbili: 43 na 22. Ilitarajiwa moja, 39.

---

NuruNano

Utando bado mnene, na pembe zenyewe ndizo rula. λ/Λ ni 550/740 = 0.743. Sin 43 ni 0.682, kwa hiyo N ya kwanza ni 1.425. Sin 22 ni 0.375, N ya pili ni 1.118. Jelatini juu ya fedha ikiwa na modi mbili zenye N hizo, unene wake ni karibu nanomita 400.

Unataka robo tatu ya hapo. Unene hushuka kwa kipeuo cha pili cha kasi, kwa hiyo ungehitaji kuzungusha karibu mara 1.8, feni hiyo haiwezi. Punguza jelatini badala yake: gramu 2.4 kwa mililita 100, mengine yaache vilevile. Mstari wa digrii 22 utateleza kuelekea juu ya kipande, pembe yake ikipungua, hadi utoweke, na wa 43 utashuka kwenda 39. Ukipitiliza ukafika chini ya nanomita 100 hivi, hata huo mmoja utapotea. Ongeza jelatini nusu gramu na upake kipande kipya, usipake juu ya cha zamani.